Uzi: Mini ya kale iliyochongwa upya, bawaba za milango ziko nje. Hii ni ya mwaka gani, na ni Cooper kweli?

Mtembea kwa Miguu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi jioni nilikuwa nimesimama kwenye taa nangoja kuvuka, nikasikia kabla sijaona. Mlio mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, unapanda na kushuka kila dereva akibadili gia. Nageuka, nakuta kigari ambacho paa lake linanifika kifuani. Niliwahi picha mbili tu, moja ya ubavuni na moja ya mbele kwa upande. Ya nyuma sikuambulia, taa iliruhusu na jamaa akaondoka zake. Namba za usajili nimezifuta, maana mwenye gari hakunituma nimtangaze.

Kwa ambao picha zinawagomea: rangi ni kijani kilichokolea kisichong'aa, paa jeupe, mistari miwili myeupe juu ya boneti. Bampa hakuna, mbele wala nyuma. Tairi ni pana kupita kiasi, zimetokeza nje ya bodi, na juu yake kuna madigadi ya kuongezea yaliyopigwa riveti waziwazi. Mbele kuna grili yenye "masharubu" ya kromu na taa nne za ziada zimepangwa kama meno. Kwenye boneti kuna nembo ya Cooper S, lile toleo la Mini lenye kasi. Bawaba za milango ziko nje, unaziona kabisa zimetokeza kwenye bodi.

Ninachojua ni kwamba hii ni Mini ya zamani, ile ya asili, si hii mpya ya BMW. Bawaba za nje nimesikia ni dalili ya toleo la kwanza kabisa. Naomba wenye macho mnisaidie mambo matatu: ni ya miaka gani, ni Cooper S kweli, na nini hapo ni cha kiwandani na nini ni cha gereji.

Gia ya Nne

Mkuu usije ukashangaa mtu amekufunga. Wajapani wana vigari vya sura hiyo hiyo. Daihatsu Mira Gino ya 1999 ukiipaka kijani na paa jeupe, mtu wa kawaida anakuambia Mini. Nissan nao mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 walitoa Be-1, Pao na Figaro, sura ya bibi, tumbo la March. Mitsuoka wakaja na Viewt yenye uso wa Jaguar ya zamani, na ndani yake ni March vilevile.

Mtembea kwa Miguu

Gia ya Nne, Gino nimepanda mara nyingi. Ina milango mitano na unakaa wima kama kwenye kiti cha kanisa. Hii ina miwili, na dereva alikuwa karibu na lami kuliko mimi na viatu vyangu.

Spana Kumi

Mleta mada yuko sahihi, hiyo ni Mini, na sihitaji grili wala nembo kukuambia hivyo. Angalia picha ya ubavuni, kona ya mbele ya mlango, chini ya kioo cha mbele. Unaona ule ukingo mwembamba unaoshuka kama pindo la shati lililoshonwa nje? Kuna mwingine nyuma, kwenye kona ya bodi. Hiyo ni mishono ya bati. Magari mengine mabati yake hukunjwa ndani na kuchomelewa kwa siri. Mini ilichomelewa pindo likiangalia nje kwa sababu ni rahisi zaidi kiwandani, na ndani ya gari nafasi haipotei. Gino hana mshono huo, Figaro hana, hata hii Mini ya BMW iliyoanza 2001 hana. Kuna mafundi wanaoinyoa kabisa na kulainisha bodi kama yai. Huyu kaiacha, Mungu ambariki.

Sasa nieleze jinsi mimi ninavyosoma gari lililochongwa, kisha turudi kwenye hili la kijani.

Mtu akikarabati gari kwa mapenzi yake, hugusa kwanza kinachofunguka kwa spana: grili, taa, bampa, rimu, nembo, viti, usukani, vioo vya pembeni. Hivyo vyote ni nguo. Ukitambua gari kwa nguo utadanganywa kila siku. Kisha huja tabaka la pili: boneti, madigadi, milango, injini. Hapo kuna kazi, lakini Jumamosi mbili tatu zinatosha. Tabaka la tatu ni lile ambalo mtu halibadilishi mpaka awe na mashine ya kuchomelea na roho ngumu: nguzo za paa, umbo la tundu la kioo cha nyuma, mahali bawaba zinapokaa, umbali kati ya tairi ya mbele na ya nyuma. Mimi naanzia huko, halafu narudi nje.

Kwa Mini, tabaka hilo linasema hivi. Gari lilitoka Agosti 1959, kazi ya Alec Issigonis katika kampuni ya BMC, likiuzwa kwa majina mawili, Austin na Morris. Urefu wake wote ni mita 3.05. Injini imelazwa kwa upana, na gia ziko chini yake zikioga mafuta yaleyale ya injini. Mlio wa nyuki uliousikia unatoka kwenye zile gia zinazoshusha nguvu kutoka kwenye injini kwenda kwenye gia boksi. Nikiwa kitandani gari likapita nje, najua ni nini.

Toleo la kwanza, Mark I, lilidumu hadi 1967: bawaba nje, madirisha ya mbele ya kusukuma mbele na nyuma, kioo cha nyuma kidogo, taa za nyuma ndogo za mviringo uliorefuka. Mark II ya 1967 ikapanua kioo cha nyuma, ikaweka taa za nyuma kubwa zaidi za pembe, na grili ikabadilika. Bawaba zikabaki nje. Mwisho wa 1969 ikaja Mark III: bawaba zikaingia ndani, na madirisha yakawa ya kuzungusha kwa mkono. Wakati huohuo ikatoka Clubman, ile yenye pua ndefu ya mraba, ikaendelea hadi 1980. Mini yenyewe ilitengenezwa mpaka Oktoba 2000, na zaidi ya milioni 5 zilitoka.

Kwa hiyo bawaba nje ina maana kabla ya 1970. Hapo mleta mada hukukosea. Grili ya masharubu ni ya Mark I, lakini grili ni skrubu tu, haishiki kitu mahakamani.

Kabureta Mbili

Naongezea kuhusu tairi kwa sababu naona watu wanazisifia. Mini ilitoka kiwandani na rimu za inchi 10, ndogo kama za toroli. Mwaka 1984 wakaweka za inchi 12 pamoja na breki za diski mbele, na miaka ya mwisho kukawa na toleo la Sportspack lenye inchi 13. Hizo za kwenye picha nimezilinganisha na urefu wa mlango, ni 13. Inchi 13 kwenye bodi ya zamani haziingii bila kukata matao ya madigadi, ndiyo maana ya zile riveti. Yale madigadi ya juu ni plasta ya jeraha.

Sipendi, nasema wazi. Kigari hiki uzuri wake ni kugeuka kama panya ukutani, na inchi 10 ndizo zinazofanya hivyo. Ukiweka 13 usukani unakuwa mzito na kila kishimo kinakugonga mgongoni.

Gia ya Nne

Wivu huo mkuu. Inchi 13 zinakaa vizuri machoni.

Kabureta Mbili

Machoni ndiyo. Mgongo una macho?

Puliza Rangi

Mimi ni fundi wa rangi, niseme kidogo kabla hamjaanza kupigana. Rangi isiyong'aa watu hudhani ni rahisi. Ni kinyume. Rangi inayong'aa ukikosea unasugua na kupolishi, hii ukikosea unarudia paneli nzima. Kwa hiyo aliyepaka hilo gari si mwanafunzi. Lakini angalia chini ya mlango, kwenye ukingo ule unaotembea kutoka tairi hadi tairi. Mwanga unayumba pale. Hapo kuna pati, ule ujazo wa kusawazisha bodi, na pati huwa imefunika kutu. Mini zote huozea hapo, na kwenye mabati ya chini ya taa za mbele.

Mleta mada, ukilikuta tena na mwenyewe akikuruhusu, chukua sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini ili usichune. Ipitishe taratibu. Pale inaposhika kwa nguvu ni bati, pale inapolegea ni pati nene, pale isiposhika kabisa ni faiba. Msinicheke: kuna Mini zilizotengenezwa na bodi nzima ya faiba, Chile walifanya hivyo na baadaye Venezuela. Sumaku ikidondoka gari zima, umepata hadithi nyingine kabisa.

Mama Stia

Mimi nimeendesha Mini miaka mingi, ya kawaida kabisa, hakuna mistari hakuna nini. Naomba niulize kuhusu hiyo nembo ya Cooper S maana kila Mini ninayokutana nayo siku hizi ni Cooper. Zile za akina sisi zilikwenda wapi?

Kabureta Mbili

Shikamoo mama. Zimegeuzwa Cooper, ndiko zilikokwenda.

Cooper ya kwanza ilitoka 1961, injini ya sentimita za ujazo 997, kabureta mbili (ndiyo jina langu hilo), na diski ndogo za breki mbele. Ile ya kawaida ilikuwa na 848. Cooper S ikaja 1963 na 1071, kisha 1964 zikaongezwa 970 na 1275. Ndizo zilizoshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Mwaka 1966 zilivuka mstari zikiwa za kwanza, zikaondolewa kwa sababu ya taa. Tangu hapo kila mwenye Mini anataka taa nne mbele na mistari juu ya boneti. Ni kama jezi ya timu, kuivaa hakukufanyi mchezaji.

Kwa nje, dalili niliyokuwa naipenda ni mifuniko ya tangi la mafuta. Mini ya kawaida ina tangi moja, mfuniko uko kona ya nyuma kushoto. Cooper S za kuanzia 1966 zilikuwa na tangi la pili upande wa kulia, kwa hiyo mifuniko miwili. Siku hizi watu wanatoboa bodi na kuweka tangi la pili, wengine wanaweka mfuniko mtupu usio na tangi chini yake. Nimewahi kuufungua mmoja wa namna hiyo, ndani nikakuta kitambaa.

Injini nayo haikusaidii sana. 1275 haikuwekwa kwenye Cooper S peke yake, iliingia kwenye magari mengi ya familia ya kampuni hiyohiyo, hadi Metro ya miaka ya 80. Injini hizo huingia kwenye Mini kwa kazi ndogo tu. Ukisikia mtu anakuambia "ina 1275, kwa hiyo ni Cooper S", mpe maji anywe.

Mama Stia

Marahaba mwanangu. Basi naangalia picha ya ubavuni tangu asubuhi, kuna kitu kinanikera na sioni mtu anakisema. Huyo dereva ameegemeza kiwiko mlangoni.

Gia ya Nne

Kiwiko kina kosa gani mama?

Mama Stia

Kosa lake ni kubwa. Mini yangu ilikuwa na yale madirisha ya kusukuma. Vioo viwili kwenye mlango, kimoja kinapita nyuma ya kingine. Ukifungua, unafungua nusu. Nusu nyingine kioo kipo palepale, daima. Huyo kijana kioo chake kimeshuka chote, kiwiko kiko nje kama yuko barazani kwao. Halafu mbele ya mlango, pale kwenye kona, kuna kidirisha cha pembetatu. Mimi sikuwahi kuwa na kidirisha cha pembetatu.

Kuna na jambo jingine. Milango yetu kwa ndani ilikuwa mitupu, kuna mfuko mkubwa unaweka hata mkate na viatu vya mtoto, kwa sababu kioo hakishuki. Kioo kikishuka, mfuko unaondoka. Mleta mada, uliona mfuko?

Mtembea kwa Miguu

Mama Stia, nimekuza picha mpaka inakuwa vijiwe. Mfuko sioni, lakini kidirisha cha pembetatu kipo kweli, na kina kikono kidogo cha kufungulia. Sikukiona kabisa kabla hujasema.

Spana Kumi

Mama ametufunga wote, nakubali. Nilikimbilia bawaba nikaacha dirisha.

Sasa tuna tatizo la kweli, na ndilo linanifanya nipende uzi huu. Bawaba nje zinasema kabla ya 1970. Dirisha la kuzungusha linasema 1969 kuendelea. Kwa Mini za Uingereza hivyo viwili havikai mlango mmoja. Wazo la kwanza ni kwamba fundi amechukua milango ya Mark III akaifunga kwenye bodi ya Mark I. Haiwezekani kirahisi. Mlango wa Mark III bawaba zake zimejificha ndani ya nguzo, na nguzo ya Mark I haina nafasi hiyo. Ingebidi akate nguzo au ajenge mlango mpya. Na bado asingepata pembetatu, maana Mark III ina kioo kimoja kizima.

Kabureta Mbili

Riley Elf? Zile ndugu za Mini zenye buti refu na grili ya kibwanyenye. Elf na Wolseley Hornet za Mark III za 1966 zilikuwa na madirisha ya kuzungusha miaka mitatu kabla ya Mini yenyewe.

Spana Kumi

Nilifika huko, nikarudi. Elf hizo bawaba zake zilikuwa ndani tayari. Na buti lake lingeonekana kwenye picha ya ubavuni, linatokeza nyuma kama mkia wa bata.

Gia ya Nne

Ya Italia basi. Innocenti wa Milano walikuwa wakitengeneza Mini kwa leseni kuanzia 1965, na Waitaliano wanapenda kupamba. Nimewahi kuona Innocenti yenye kidirisha cha pembetatu.

Kabureta Mbili

Gia ya Nne leo umeamka vizuri. Innocenti kweli zina pembetatu. Tuangalie usukani uko wapi.

Mtembea kwa Miguu

Kulia. Kiwiko kinachoonekana ni cha mkono wa kulia.

Kabureta Mbili

Hapo Innocenti inaanza kuondoka. Ilitengenezwa kwa wanaoendesha kulia barabarani, usukani kushoto. Kuhamisha usukani kwenye Mini si kazi kubwa sana, matundu yapo pande zote mbili, lakini nani atachukua gari la Kiitaliano lenye thamani kwa wakusanyaji, ahamishe usukani, aondoe dashibodi yake, halafu abandike nembo ya Kiingereza?

Puliza Rangi

Watu wanafanya vibaya zaidi ya hapo. Nimewahi kuletewa Mini iliyokatwa katikati ikatolewa nusu mita, imebaki ya watu wawili, mwenyewe anacheka tu.

Gia ya Nne

Si imebaki pikipiki yenye paa.

Spana Kumi

Jamani tulieni, nimepata, na nilipaswa kujua tangu mwanzo.

Australia. BMC walikuwa na kiwanda Sydney na walianza kutengeneza Mini huko 1961 kwa jina la Morris 850. Mwanzoni zilikuwa kama za Uingereza. Lakini kule jua ni kali, na dirisha linalofunguka nusu ni adhabu. Mwaka 1965 wakatoa Mini De Luxe yao yenye injini ya 998, na milango wakaitengeneza wenyewe: kioo cha kuzungusha, kidirisha cha pembetatu mbele ili upepo uelekezwe usoni, na bawaba wakaziacha nje zilipokuwa. Uingereza ilikuja kupata dirisha la kuzungusha miaka minne baadaye.

Bawaba nje, kioo kinashuka chote, pembetatu, usukani kulia. Vyote vinne pamoja sijui gari lingine linalovibeba. Na vyote viko kwenye mlango na nguzo. Aliyelichonga amebadili kila kitu kinachoshikwa na spana, mlango akauacha, labda kwa kuwa ulikuwa unafunga vizuri.

Kwa hiyo maswali ya mleta mada: ni ya Australia, kati ya 1965 na mwanzoni mwa miaka ya 70. Grili, tairi, madigadi, taa na kuondoa bampa ni vya gereji. Nembo ya Cooper S nina shaka nayo, ingawa Australia nao walikuwa na Cooper S yao halisi, kwa hiyo sifungi mlango. Samahani kwa mzaha.

Mama Stia

Yaani sisi tulikuwa tunasukuma kioo nusu, wenzetu wanapepewa na pembetatu. Sawa.

Kabureta Mbili

Spana Kumi kofia nakuvulia. Swali moja: ni De Luxe au ni ile K? Mwaka 1969 Waaustralia walitoa Mini K, injini ya 1098, K ikiwa ni ya kangaruu. Iliendelea na sura ya mviringo mpaka Clubman ilipoingia kule.

Spana Kumi

Kwa picha hizi siwezi kutenganisha. Injini ingesaidia kama ni ya kwake, lakini gari lililochongwa hivi sina imani kama injini ni ya kwake. Mleta mada, sasa ni miguu yako.

Puliza Rangi

Ukikutana naye usianze na "nembo yako ni ya uongo". Anza na rangi. Mwambie kijani kimekaa vizuri. Mtu aliyepaka rangi hiyo anasubiri mtu wa kumwambia hivyo.

Mtembea kwa Miguu

Wakuu nimerudi, siku tisa baadaye. Nimekuwa nikipita pale kwenye taa kila jioni kama mtu anayedai deni. Jana akatokea, akaegesha mbele ya duka, nikamfuata. Nilianza na rangi, kama nilivyoelekezwa. Puliza Rangi, uso wake uling'aa kuliko gari.

Ni kijana mpole, na mkweli. Kabla sijauliza akasema nembo ya Cooper S aliinunua kwa sababu tundu za nembo ya zamani zilikuwa wazi na hakutaka kuziziba. Mfuniko wa tangi ni mmoja, kushoto, nimezunguka nikauona mwenyewe. Boneti akaifungua: injini ni 1275 iliyotoka kwenye Metro, kabureta moja kubwa. Kabureta Mbili, maji nilikuwa nayo.

Sumaku alikubali baada ya kuiona imefungwa kitambaa. Milango imeshika kama ndoa. Madigadi ya juu ni faiba, haikushika hata kidogo. Kule chini ya mlango wa kushoto ililegea kiganja kizima, akakuna kichwa akasema "hapo ndipo pesa zangu zilipolala".

Mama Stia, mfuko wa mlangoni hakuna. Pembetatu nimeifungua na kuifunga kwa mkono wangu, ina kilio kidogo.

Kuhusu Australia: alijua imetoka huko ila hakujua mwaka wala toleo, aliuziwa ikiwa mifupa na karatasi zisizosomeka. Nikamuuliza kama ana picha za kabla ya rangi. Akatafuta kwenye simu muda mrefu, mwishowe akanionyesha moja: gari jeupe lililofifia, halina taa, kuku wamelala juu ya kiti cha nyuma. Na kwenye bodi, nusu yake imechanika, kuna kibandiko cha mnyama anaruka. Alidhani ni sungura wa watoto. Alikichuna kwa kisu akakitupa.

Kabureta Mbili

Alikitupa!

Spana Kumi

Mini K. Mwambie asimruhusu mtu yeyote kuigusa ile milango.

Mama Stia

Na amwambie huyo anayepaka rangi amrudishie sungura wake.

Puliza Rangi

Mama, nitumieni picha ya kibandiko. Nakata stensili leo.